Kukanyaga Ndizi Baada ya Kuugua

Kaka yangu alijulikana kwa vigimbi vyake. Watu wakimwulizia walisema "yule mwenye miguu," kana kwamba sisi wengine tulitembea kwa magoti. Alikuwa mkanyagaji wa ndizi. Kijijini kwetu, upande wa Muleba, ilikuwa vigumu kufanya harusi au ubatizo bila miguu ile kuitwa. Naandika jinsi siku moja ya kukanyaga ilivyokaribia kumwua, kwa sababu wengi waliokuwepo bado wanaamini kuwa ilikuwa malaria.

Kwa asiyejua kazi hiyo, nieleze. Ndizi za kukamua, zile chungu zisizopikwa, huivishwa shimoni kwa moshi na majani, kisha humenywa na kumwagwa katika mtumbwi. Ni gogo lililochongwa ndani kama chombo cha kuvukia maji, ila halijawahi kuona ziwa. Juu ya ndizi hutupwa nyasi ngumu. Mtu huoshwa miguu, huingia, hushika mti uliofungwa mlalo juu ya kichwa chake, na kuanza kukanyaga. Nyasi hukata ndizi, ndizi huwa uji, na uji hushika miguu kama udongo wa mfinyanzi. Kila hatua ni kuchomoa mguu na kuushindilia tena. Mtu huendelea hivyo mpaka uji "uitike", yaani ukubali kuachia maji yake. Maji hayo matamu tunayaita mramba. Yakichanganywa na mtama uliokaangwa na kuachwa yachache, ndiyo rubisi.

Kwetu rubisi haipo. Baba yetu alikuwa Mlutheri wa uamsho, na tangu aokoke hakuna kilichochacha uani kwake. Harusini tunawapa wageni mramba peke yake, na mramba haungoji. Ukikaa siku mbili unakuwa kitu ambacho mchungaji hawezi kukibariki. Majirani wanaotengeneza rubisi hukanyaga mapema, leo mtumbwi mmoja, kesho mwingine. Sisi tunakanyaga yote siku moja kabla ya wageni.

Kuna kanuni nyingine mbili za kijiji chetu. Ya kwanza, baba wa bibi harusi ndiye anayeingia mtumbwini kwanza. Si lazima amalize. Akikanyaga kidogo mila imetimia na vijana wanapokea. Ya pili, mtu aliyemo mtumbwini hatolewi. Akichoka, hunyoosha mkono mwenyewe, na aliye karibu humvuta nje. Asiponyoosha, hakuna wa kumgusa, awe mkewe au mdogo wake. Anayenyoosha mkono kabla uji haujaitika huambiwa kwamba ndizi zimemkanyaga, na maneno hayo yanaweza kumfuata mpaka uzeeni.

Mimi sikurithi miguu ile. Naishi Kitendaguro, mjini Bukoba, na kazi yangu ni kutengeneza mizani: ya wanunuzi wa kahawa, ya wauza samaki, ya maduka. Ni kazi ya kukaa. Niliishia darasa la saba, na shule yangu iliyofuata ilikuwa meza ya vitabu vya mitumba karibu na soko la Bukoba. Nilinunua vya baiolojia kwa sababu vilikuwa na picha nyingi kuliko vingine, na pia kwa sababu ya swali lililotoka kwenye mizani. Mizani ya springi ikiachwa na gunia usiku kucha, asubuhi sindano hairudi sifuri. Springi imechoka. Nilitaka kujua kama mtu naye huchoka hivyo.

Vitabu vilinionyesha kuwa sivyo. Springi iliyochoka haiponi. Msuli uliochoka, ukipumzishwa na kulishwa, hurudi, na mara nyingi hurudi na nguvu zaidi kidogo kuliko ulizokuwa nazo. Kazi huuumiza kwa kiasi kidogo kisichoonekana kwa macho, na mapumziko ndiyo huukarabati. Nilijifunza pia kwamba maumivu ya kesho yake, yale tunayoyapata baada ya kulima siku ya kwanza ya mvua, si tindikali iliyoganda mwilini kama nilivyosikia tangu utoto. Ni nyuzi za msuli zilizoumia zikiwa katika matengenezo. Nilijua pia upande wa pili: msuli usiotumika hunyauka haraka, na moyo, ambao nao ni msuli, hulegea pamoja na mingine. Hayo yote niliyajua kama mtu anavyojua njia ya mji ambao hajawahi kufika.

Mwaka ambao binti wa kaka alichumbiwa, kaka aliugua homa ya mapafu. Alilala wiki nyingi. Kwetu mgonjwa halali peke yake: watu huja, hukaa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, husema machache, huacha mkungu wa ndizi mlangoni na kuondoka. Kadiri mikungu ilivyoongezeka mlangoni ndivyo nilivyoelewa kijiji kilivyokuwa kinakisia. Harusi iliahirishwa mara moja. Watu wa upande wa bwana harusi, wafanyabiashara wa samaki wenye asili ya visiwani, walikuwa wavumilivu, lakini walituma mtu aangalie, na tulijua kwamba ametumwa kuangalia.

Kaka hakufa. Aliamka, akaanza kula, akatoka nje kuota jua. Suruali yake ilifungwa kiunoni kwa kamba ya katani. Vigimbi vilikuwa vimekwisha. Ngozi ilining'inia nyuma ya miguu kama soksi iliyolegea. Siku ile nilipomtembelea aliniona nikivitazama.

"Unapima?" akaniuliza.

"Natazama tu."

"Fundi mizani hatazami tu. Sema kilo ngapi zimepungua."

Nikamwambia zitarudi polepole. Akasema harusi haiendi polepole.

Siku ya kukanyaga ilikuwa Ijumaa, na jua la baada ya mvua lilikuwa kali. Uani kulikuwa na mitumbwi miwili, na vijana wa ukoo walikuwa wamekwisha kunawa miguu. Kaka alitoka ndani amevaa kaptula yake ya kazi. Watu walipoona miguu yake walitazamana. Wa kwanza kusema alikuwa jirani yetu, rafiki yake tangu utoto, naye mkanyagaji, mtu ambaye hajawahi kuacha neno likae mdomoni.

"Waitu," akamwambia kwa heshima ya Kihaya, "hiyo miguu umeazima kwa kuku?"

Watu wakacheka, kaka mwenyewe akiwa wa kwanza. "Kuku huyuhuyu atakukanyagia, na wewe utakunywa."

"Nitakunywa, ila nichunguze kama hakuna manyoya."

Akaingia. Wanawake wakaanza wimbo, akaufuata kwa miguu. Mwanzoni ilikuwa furaha tupu, na sidhani kama kuna aliyekuwa na furaha kuliko shemeji yangu, mkewe, ambaye alikuwa amemlisha kwa kijiko majuma yote yale. Wimbo ukaisha. Mila ilikuwa imetimia. Vijana wakasogea.

"Mzee, tuachie na sisi tupate baraka."

"Nyinyi mtaingia nikifa."

Hapo hakuna aliyecheka. Nikakaribia, nikasema kwa sauti ya chini, "Kaka, umeshaanza. Inatosha."

"Mdogo wangu, vitabu vyako vina miguu?"

"Havina."

"Basi viambie vikae."

Akaendelea. Nilisimama pale nikitazama yale niliyoyasoma yakitokea mbele yangu. Kwanza jasho lilimtoka kwa wingi, kisha likapungua wakati jua lilikuwa bado kali, maana maji ya kutoa yalikuwa yanakwisha. Mkanyagaji hanywi. Akinywa atataka kujisaidia, na akitoka lazima aoshwe miguu upya. Basi huingia mkavu na kutoka mkavu. Pumzi yake ikawa fupi. Nilimwona akianza kujivuta kwa mikono kwenye ule mti wa juu ili miguu ipate nafuu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya alipokuwa mzima. Kila mwili una kitu kinachomwambia mwenyewe aache. Naamini alikuwa anakisikia. Lakini alikuwa na kitu kingine cha kujibu: mtu wa upande wa bwana harusi alikuwa amekaa kwenye benchi, kikombe mkononi, akitazama.

Uji ukaitika. Maji yakapanda, mekundu-manjano, na povu. Kaka akanyoosha mkono, jirani akamvuta. Alipogusa ardhi magoti yalimtetemeka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo. Akasimama hivyo hivyo mpaka makofi yalipokwisha, ndipo akakaa.

Jumamosi harusi ilifanyika. Binti alipopiga magoti mbele yake kupokea baraka, ilitakiwa baba asimame na kumwinua. Alishika mikono ya kiti, akainuka nusu, akarudi. Akambariki akiwa amekaa, machozi yakimtoka. Watu walisema ni furaha. Mimi nilikuwa karibu nikaona midomo yake ilivyokaza, nikajua maumivu yalikuwemo. Lakini mtu aliyekanyaga mtumbwi mzima baada ya kulala muda mrefu lazima aumie, na maumivu ya kesho yake nilikuwa nayafahamu. Jumapili baada ya ibada nilirudi mjini.

Jumatatu asubuhi shemeji akanipigia simu.

"Shemeji, mkojo wa kaka yako ni kahawa."

"Umeingiwa na kahawa?"

"Sisemi umeingiwa. Ni kahawa. Nyeusi. Nimeuweka kwenye bakuli jeupe niuone. Wanasema malaria imerudi, ile ya mkojo mweusi. Nimeshatuma mtu dukani akalete dawa."

Ile ya mkojo mweusi tunaijua. Imewazika watu kijijini kwetu, na mtu yeyote wa huko angesema hivyo hivyo. Nikamwuliza kama ana homa.

"Hana. Mwili ni wa baridi. Anatapika tu, kwa hiyo tumemzuia maji. Na mapaja yamevimba, magumu kama mbao. Tunamkanda kwa maji ya moto na majani."

"Yuko wapi sasa?"

"Anazunguka nyumba."

"Anazunguka?"

"Anasema miguu imeshikwa na kazi, itaachiwa na kazi. Anashika mgomba mmoja, anaenda mwingine. Mwambie wewe, mimi hanisikii."

Sikujua ni nini. Napenda liandikwe wazi hilo, kwa sababu baadaye watu walisema nilijua. Nilijua tu kwamba malaria bila homa, yenye mapaja ya mbao, haikuwa inakaa vizuri kwenye mizani. Nikasema wamlete Bukoba mara moja, na njiani asitembee hata hatua. Wakakodi gari. Walipopita Kemondo shemeji alinipigia tena kusema amelala usingizi, na nikaogopa kuliko nilivyokuwa nimeogopa kabla.

Daktari aliyetupokea alikuwa dada kijana, si mtu wa Kagera. Alimsalimia kaka shikamoo, akatazama chupa ya mkojo kwenye mwanga wa dirisha, akaagiza vipimo vya damu pamoja na cha malaria. Kisha akabonyeza paja kwa vidole viwili. Kaka, ambaye sikuwahi kumsikia akilia kwa maumivu, akatoa sauti.

"Baba, siku mbili tatu zilizopita ulifanya kazi gani?"

"Kazi? Nilikuwa harusini. Nilikula nyama."

"Kazi ya miguu, baba."

Kaka akatazama ukuta. Shemeji akasema, "Alikanyaga ndizi."

"Aliteleza kwenye ganda?"

Hata katika hali ile shemeji aliguna kidogo. Ikabidi nimweleze daktari mtumbwi, nyasi, uji, jua, na kwamba mkanyagaji hanywi maji. Nilimweleza pia wiki za kitandani. Alisikiliza bila kunikatiza, na nilipomaliza alikuwa ameshaanza kutundika chupa ya maji ya mshipani.

Malaria haikuonekana. Alichotueleza, akichora nyuma ya kipande cha boksi la dawa, ni hiki. Msuli una protini nyekundu ya kuhifadhi hewa, ndiyo inayofanya nyama iwe nyekundu. Msuli uliodhoofika kwa kulala, ukipewa ghafla kazi ya msuli wenye nguvu, tena katika joto na bila maji, unaweza usiishie kuumia kidogo bali ukapasuka. Kilichomo humwagika ndani ya damu. Damu huenda kwenye figo kuchujwa, na figo huziba kama chujio la chai lililojaa majani. Mkojo ule haukuwa na malaria wala kahawa. Ulikuwa paja la kaka yangu likitoka nje.

"Na madini yaliyokuwa ndani ya msuli yanamwagika pia," akasema. "Yakizidi kwenye damu yanavuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo tunaangalia vitu viwili: figo na moyo. Figo zikiendelea kufunga tutampeleka hospitali kubwa nje ya mkoa akasafishwe damu. Kwa sasa kazi yake ni moja. Alale, maji yaingie, mkojo utoke."

"Asikandwe?"

"Asikandwe. Asizungushwe. Asiguswe."

Kaka aliuliza jambo moja tu. "Nikilala tena, nitaamka?"

Nilielewa swali lile kuliko daktari. Alikuwa ametoka kitandani siku chache zilizopita, na kwa akili yake kitanda ndicho kilichomla miguu. Kwa hilo hakukosea. Kitanda kiliila kwanza, kisha yeye akaidai irudishe kwa siku moja kilichochukuliwa kwa wiki nyingi. Sasa alikuwa anaambiwa arudi kulekule. Daktari akamwambia, "Baba, ukilala sasa ndiyo utaamka," na kaka akafumba macho kama mtu anayesaini mkataba asioupenda.

Tukaanza kungoja. Mkojo ulikusanywa kwenye chupa kubwa pembeni ya kitanda, na shemeji na mimi tulikuwa na mazungumzo yasiyokuwa na jambo lingine.

"Umepungua weusi?"

"Kidogo. Au ni mwanga?"

"Weka karatasi nyuma."

Siku ya kwanza ulikuwa mchache mno. Daktari hakusema neno la kututisha, lakini alikuja mara nyingi kuliko zamu yake ilivyohitaji, na nilisikia gari la wagonjwa likitajwa kwenye simu yake. Shemeji alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Nilipomfuata aliniambia, bila kunitazama, "Nilimlisha kwa kijiko, shemeji. Uji, kijiko kwa kijiko. Halafu akaenda akaumwaga wote kwenye mtumbwi." Tulikaa tukitazama watu wakifua nguo za wagonjwa wao.

Kesho yake jirani akaja kutoka kijijini, amevaa koti la kanisani, na begani mkungu mkubwa wa matoke. Muuguzi alimzuia mlangoni. Yale madini yanayovuruga moyo yamo kwa wingi ndani ya ndizi, na kaka alikuwa amekatazwa ndizi za aina yoyote.

"Mhaya amekatazwa ndizi?" jirani akasema. "Dada, mwueni tu kwa sindano, ni haraka zaidi."

"Atakula wali kidogo. Au ugali."

"Ugali! Kwani kafungwa?"

Kitandani kaka akafumbua macho. "Acha kelele," akamwambia. "Ndizi zimenikanyaga."

Alisema mwenyewe. Jirani, aliyekuwa na maneno kwa kila jambo, aliweka mkungu chini, akavua kofia, akakaa pembeni ya kitanda akamshika kisigino kupitia shuka, kwa uangalifu, kana kwamba ni yai. Baadaye kwenye korido aliniuliza, "Mimi ndiye niliyemwambia miguu ya kuku. Unadhani angetoka kama nisingesema?" Nikamwambia sidhani. Ndivyo ninavyoamini: yule mgeni mwenye kikombe alitosha.

Usiku wa siku hiyo figo zilianza kufanya kazi. Asubuhi chupa ilikuwa imejaa zaidi ya nusu, na rangi ilikuwa ya chai ya rangi. Siku zilizofuata ikawa chai nyepesi. Asubuhi moja shemeji alinyanyua chupa kwenye dirisha, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Ni mkojo," kisha akaketi chini sakafuni akalia. Gari la wagonjwa halikuhitajika.

Kabla ya kuturuhusu, daktari alitoa maagizo ambayo nayakumbuka kwa sababu yalikuwa magumu kuliko yalivyosikika. Asilale kutwa, wala asifanye kazi. Atembee kidogo, akae kabla hajachoka sana, kesho yake aongeze kidogo kama hana maumivu mapya. Anywe maji. Rangi ile ikirudi, aje siku hiyohiyo. Kaka aliuliza atajuaje kwamba anakaribia kuchoka sana. Daktari akasema, "Unajua, baba. Ulijua na siku ile."

Nyumbani pakawa na vita viwili. Wageni walimtaka alale. Kila aliyeingia alisema pole, lala, pumzika, na akimkuta wima alionekana kama aliyedanganywa. Yeye mwenyewe alitaka jembe. Nilikuwa nakwenda kila mwisho wa wiki kwa pikipiki, na kazi yangu ilikuwa kutembea naye kibanjani, kati ya migomba. Tulikubaliana tusimame kabla pumzi haijawa fupi. Kusimama ndiko kulikomwumiza. Kufanya kazi mpaka ushindwe ni jambo linaloeleweka kwetu, na kuugua pia kunaeleweka. Lakini mwanaume anayesimama katikati ya njia bila mzigo, bila kuongea na mtu, bila kuwa mgonjwa wala mzima, watu wanadhani amesahau alikokuwa anakwenda.

"Mnatafuta nini hapo?" mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni alituuliza.

"Tunatafuta miguu yangu," kaka akajibu. "Ukiiona njiani, iambie tuko hapa."

Nilipokuwa nimesimama naye pale ndipo niliposikia mwilini yale niliyokuwa nayajua kwenye karatasi. Nilizoea kufikiri kuwa kazi ndiyo inayojenga na mapumziko ni pengo katikati. Kumbe wakati tumesimama kati ya migomba bila kufanya lolote, ndipo mapaja yake yalipokuwa yakitengenezwa. Lakini kama tusingetembea mpaka pale, pasingekuwa na cha kutengeneza. Kipimo kilikuwa nini hasa, hakuna mizani niliyonayo ingeweza kuonyesha. Kilikuwa usoni mwake, kabla kidogo ya midomo kukaza. Nilijifunza kukisoma, naye, polepole, akajifunza kunisikia ninaposema basi. Baadaye akawa anasema basi yeye mwenyewe.

Vigimbi vilirudi, si vyote. Mguu wa kushoto hadi leo huchelewa kupanda ngazi za kanisa. Vipimo vya figo vilikuja vizuri, na daktari alitutaka tuendelee kupima, nasi tunaendelea.

Msimu uliofuata jirani aliozesha. Yeye hana mipaka ya uamsho, kwake ilikuwa rubisi, na mitumbwi ilikuwa imepangwa tangu katikati ya wiki. Kwa kuwa alikuwa baba wa bibi harusi aliingia kwanza, akakanyaga wimbo mmoja, akanyoosha mkono mapema kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Wengine wakaguna. Kisha akamgeukia kaka. "Waitu, nipokee."

Shemeji alikuwa upande wa wanawake. Niliona mikono yake ikisimama juu ya ndizi aliyokuwa anaimenya. Kaka akanawa miguu, akanywa maji kikombe kizima mbele ya watu wote, jambo ambalo mkanyagaji hafanyi, akaingia. Alikanyaga vizuri. Kwa muda niliuona ule mwendo wa zamani, kisigino kwanza, kisha kiuno kinakisindikiza. Uji ulikuwa bado mzito, haujakaribia kuitika. Wimbo ulikuwa katikati, na uso wake haukuwa na shida yoyote. Akanyoosha mkono.

"Ndizi zimemkanyaga!" kijana mmoja akapiga kelele.

"Zilinikanyaga mwaka jana," kaka akasema, akivutwa nje. "Mwaka huu nimewahi kuondoka."

Watu wakacheka, shemeji akaendelea kumenya. Kaka akakaa kwenye benchi, akafuta miguu, akanitazama.

"Mdogo wangu, sasa vitabu viingie."

Sikuwahi kukanyaga tangu ujana, na hata wakati huo nilikuwa wa kuchekwa. Nikanawa nikaingia. Uji ulikuwa wa baridi na nyasi zilichoma kati ya vidole. Wimbo ukaanza upya, mtu akasema fundi anapima kina, na kwa muda nilidhani naweza. Kisha mapaja yakaanza kuungua, moto ule nilioufahamu kwa jina, na nikagundua kuwa jina halipunguzi chochote. Nilianza kujivuta kwa mikono kwenye mti wa juu. Nilijua maana ya kufanya hivyo. Watu walikuwa wananitazama, nikasema moyoni, mpaka wimbo huu uishe. Ulipoisha nikasema, na huu mwingine.

Kaka hakuwa anatazama miguu yangu. Alikuwa anatazama uso. Akainuka kutoka kwenye benchi kwa ule mguu wake unaochelewa, akaja mpaka ukingo wa mtumbwi, na kabla sijanyoosha mkono, akanyoosha wake.

Nyimbo zilinyamaza kidogo, maana jambo lile halifanywi. Nikaushika, nikatoka.